Fomu ya Ridhaa

Kaskazini ya Gongoni, saa nne, jua limeshaanza kung'ata.
Nina madodoso thelathini na mawili ndani ya mfuko wa nailoni,
kalamu tatu, moja haiandiki,
na vipande vya sabuni, kimoja kwa kila nyumba itakayokubali.
"Wa mwaka juzi walileta leso," asema Nyevu,
akinisogezea kigoda. "Nyinyi mmeshuka bei."

Nacheka. Yeye hacheki.

Hushinda mabwawani akikwangua chumvi
inayopimwa kwa gunia na kulipwa Jumamosi,
Jumamosi nyingine hailipwi.
Hutoka nyota zingalipo, hurudi zimesharudi.
Kati ya nyota na nyota nyumba huwa na mtoto tu.
Dodoso langu limepaita hapo *uangalizi hafifu wa mzazi*
na kupapa namba: sita.

Mbeyu anatoka ndani.
Leso ya mamake juu ya sketi ya shule,
kifungo cha kiuno hakifikii tena tundu lake.
Miaka kumi na mitano.

Natoa fomu. Namsomea nilivyofunzwa Malindi,
kwenye ukumbi wa kiyoyozi na sambusa za bure:
kwamba ana hiari;
kwamba aweza kukataa, aweza kunyamaza,
aweza kuniambia basi, hapa panatosha,
na hakuna atakayemkasirikia.

Anasikiliza kama mtu anayesomewa barua ya jirani.

"Na kwa kuwa hujatimiza kumi na minane,
huwezi kuridhia peke yako. Mzazi atie kidole."

Ananitazama.
"Kujibu maswali tu?"
"Kujibu maswali tu."
"Mpaka mama akubali?"
"Mpaka mama akubali."

Kuku anapita katikati yetu, hana haraka.
Nyevu anachovya gumba, anakandamiza karatasi.
Linatoka doa tupu, halina mstari hata mmoja.
Chumvi ilishakula.

"Yeye hakuja na fomu," asema Mbeyu.

Kisha, bila kungoja swali la kwanza:
shule ni kilomita tisa.
Mvua za Mei zilikata njia ya mkato.
Alikuwa na pikipiki.
Siku ya kwanza alikataa nauli. Ya pili, akakataa.
Wiki ya tatu akasema, dada, tuna hesabu.

Kalamu yangu inatembea juu ya visanduku:
umaskini, matanga ya usiku, simu,
marafiki wabaya, kutojua.
Nani aliyeandika ile hesabu? Hakuna kisanduku.
Mwisho kabisa kuna *Nyinginezo (eleza)*,
na mstari wa kuelezea, urefu wake kama njiti ya kiberiti.
Naandika herufi za sisimizi.
Naugeuza ukurasa ubavu, napanda nao ukingoni.

Swali la ishirini na saba:
*Kwa maoni yako, nini kifanyike?*

"Kivuko," asema. "Pale pakatikapo.
Hata cha magogo."
Anafikiri, anang'oa uzi kwenye pindo la leso.
"Na wale je, mumewauliza?"
Kidevu chake kinaonyesha barabarani,
pikipiki sita chini ya turubai la kampuni ya simu,
kijana mmoja anapangusa kiti kwa kitambaa chekundu,
taratibu, kama anayeosha uso wa mtoto.

Napekua madodoso. La mama lipo. La mwalimu lipo.
La chifu lipo, kurasa nne.

"Bado," namwambia.
Neno gani hilo, *bado*.

Nyevu amekwisha kuikata sabuni vipande viwili,
kimoja amempa bintiye: "Hiki cha nepi."

Saa saba nimefika barabarani, vumbi mpaka kopeni,
mfuko umenikata bega.
Yule wa kitambaa chekundu ananiwashia pikipiki.
"Panda, dada. Mpaka lami. Wewe hulipi kitu."

"Taja bei kwanza," nasema,
na nimesimama palepale,
mguu mmoja haujui uende wapi.